Taco ya Masaki, parachichi la Kariakoo!

Wiki hii tuweke chipsi mayai pembeni kidogo, nikusimulie nilivyokwenda Masaki kula chakula cha Mexico, nikarudi Msimbazi na nauli ya daladala tu mfukoni.

Ilikuwa hivi. Kuna binti mmoja moyo wangu umemkubali. Jina nalihifadhi, maana kwao bado sijajitambulisha. Siku moja nikamtambia kwamba viwanja vya Masaki navijua vyote, na vyakula vya Mexico nimevila mpaka nimevizoea. Uongo mtupu! Mexico mimi naijua kwenye tamthilia za televisheni. Lakini neno likishatoka halirudi. Jumamosi nikachomoa shilingi 100,000 nilizoweka kwa ajili ya kodi ya chumba. Bajaji ikala 10,000, tukafika.

Menyu imejaa Kihispania. Nikatulia kama mnazi wa Msimbazi siku Yanga wakifunga. Nikaagiza "tortila". Mhudumu akanisahihisha taratibu, "Ni tortiya, kaka." Binti akaangalia pembeni asinicheke.

Ili yasikukute na wewe, shika haya. Tortilla ni kama chapati nyembamba, ya mahindi au ya ngano. Ikikunjwa na nyama ndani, hiyo ni taco, na huliwa kwa mkono. Usiombe uma! Burrito ni ya ngano, imeviringishwa na maharage na nyama, na jina lake maana yake ni punda mdogo. Pico de gallo, yaani mdomo wa jogoo, ni nyanya, kitunguu, pilipili, majani ya giligilani na ndimu. Kwa lugha yetu ni kachumbari! Guacamole nayo ni parachichi lililopondwa na vitu hivyo hivyo.

Hiyo guacamole ndiyo iliyoniumbua. Bili ilipokuja, taco sahani mbili 56,000, juisi mbili 16,000, kibakuli cha guacamole 15,000. Jumla 87,000. Binti akaisoma, akaniangalia.

"Unajua mama anafanya kazi gani?" akaniuliza.

"Hujawahi kuniambia."

"Anauza parachichi Kariakoo, karibu na kwenu. Nilikuwa naona haya kukwambia, kwa sababu wewe ni mtu wa Masaki."

Mwenzenu nilitamani ardhi ipasuke! Ikabidi niseme ukweli wote, mpaka habari ya kodi. Alicheka hadi meza ya jirani wakageuka. Kumbe wote wawili tulikuwa tunajificha, kila mmoja akiona haya kwa ajili ya Kariakoo.

Jumatatu nikapita kwa mama huyo kama mteja wa kawaida. Parachichi tatu, shilingi 3,000. "Yaive leo au kesho, mwanangu?" akaniuliza. Nikajibu leo, nikashika adabu, nikaondoka. Nyumbani nikaponda guacamole ya kushiba watu wanne, tukaila na chapati.

Tortilla ya mahindi ndiyo ilinishinda. Nilikanda sembe, ikapasuka kama udongo wa kiangazi. Siri ni kwamba kule mahindi huchemshwa kwanza na chokaa ya chakula, yakasafishwa, ndipo yakasagwa. Chokaa hufanya unga ushikane, na pia hufungua niasini, vitamini iliyojifungia ndani ya punje. Usije ukachota chokaa ya ukutani bwana!

Halafu kuna hili. Mahindi yalianza kulimwa huko huko Mexico, yapata miaka 9,000 iliyopita. Nyanya, pilipili, parachichi na maharage nayo asili yake ni bara hilo la Amerika. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, na baadaye mahindi na pilipili vikaingia. Sisi tukasema mahindi, utadhani yametoka Uhindi! Kwa hiyo anayekula ugali maharage na kachumbari pale Msimbazi ni jamaa wa Mexico siku nyingi, ila hajui.

Sisemi usitoke. Kutoka ni raha, na wenzetu wa Nairobi wamejirusha zaidi. Pale Westlands walifungua Mercado ya Kimexico, na Fogo Gaucho ya Kibrazili, ambako mhudumu huja na nyama kwenye vyuma virefu, akakukatia mezani mpaka useme basi. Ila kabla hujatoka, piga simu uulize bei. Agizeni sahani moja mgawane. Hela ya kodi iache ilale.

Na mwenzako mwambie ukweli kabla bili haijamwambia. Mimi mwenye nyumba ananisubiri mlangoni, lakini binti bado ninaye.

Tukutane wiki ijayo!