Muundi ni mfupa gani? Kusema «muguu» peke yake haitoshi

Hombo iko kwenye barabara ya taifa namba 3, inayotoka Bukavu ikipitia Bunyakiri kwenda Walikale. Mtu akianguka na pikipiki kwenye barabara hiyo, mara nyingi habari inayofika nyumbani ni moja tu: «Amevunjika muguu.» Lakini ni sehemu gani ya muguu? Kwa Kiswahili, mguu unaanzia kwenye paja mpaka kwenye vidole. Muuguzi anayepokea simu hajui kama ajitayarishe kwa paja, kwa goti ao kwa kifundo.

Jina lenyewe liko. Mfupa mkubwa ulio kati ya goti na kifundo unaitwa muundi. Ikiwa mingi, miundi. Upande wa mbele wa sehemu hiyo, pale mtu anapojigonga kwenye kitanda usiku, unaitwa pia ugoko. Kwetu Kivu wengi wanaujua zaidi kwa jina la shuleni na la uwanja wa mpira: tibia. Ndiyo ile inayofunikwa na kinga wanayovaa wachezaji ndani ya soksi, na sheria ya 4 ya mpira wa miguu inalazimisha kila mchezaji kuivaa. Nyuma ya muundi kuna nyama, ndiyo shavu la mguu. Pembeni, upande wa inje, kuna mfupa mwembamba ambao Wafaransa wanauita perone.

Neno muundi si la kigeni

Mtu anaweza kufikiri kwamba muundi ni neno la watu wa pwani tu. Hapana. Wanaosema Kinyarwanda wanauita umurundi, na Waganda wa Uganda wanasema omulundi. Ni neno moja la zamani. Kiswahili cha pwani kimeangusha sauti ya katikati, sawa na vile Lingala inasema nzala na Kiswahili kinasema njaa. Kwa hiyo anayesema muundi hajiletei Kiswahili cha vitabu. Anatumia neno ambalo ndugu zake wa lugha nyingine za Kibantu wanalo pia.

Kwa nini mfupa huu unahitaji jina lake

Pitisha kidole mbele ya mguu, toka goti kushuka chini. Utasikia mfupa palepale chini ya ngozi, bila nyama ya kuufunika. Ndiyo maana ukivunjika, ncha yake inaweza kutoboa ngozi kwa urahisi na kutokea inje. Hapo udongo na vijidudu vinaingia mpaka kwenye mfupa. Bila matibabu ya haraka, mfupa unaweza kuoza na kutoa usaha kwa miezi, hata miaka. Tena kuna hatari ya tetanosi.

Paja lina hatari nyingine. Mfupa wake ukivunjika, mtu anaweza kupoteza lita moja ya damu ao zaidi ndani ya nyama, bila tone moja kuonekana inje. Watu hawa wawili wote «wamevunjika muguu», lakini hawahitaji maandalizi sawa.

Kabla ya kufika kwa muuguzi

Usivute mguu, usiukande, wala usijaribu kurudisha mfupa ndani. Kama damu inatoka, funika kidonda kwa kitambaa safi na ukandamize pembeni ya mfupa uliotokea, si juu yake. Usipake majani wala udongo. Kisha funga mguu kwenye mbao ama fimbo mbili zilizonyooka, zipite juu ya goti na chini ya kifundo, ili mguu usicheze njiani.

Usikaze sana. Angalia vidole kila mara: vikipoa, vikibadilika rangi ao vikifa ganzi, legeza kamba upesi. Hii inawahusu pia wazee wanaounga mifupa kijijini. Kamba iliyokazwa kupita kiasi inazuia damu, na mgonjwa aliyekuwa na mfupa uliovunjika tu anaweza kupoteza mguu wote. Maumivu yakizidi kupanda, na shavu la mguu likiwa gumu kama jiwe, hiyo si ya kungojea kesho.

Kwa mtoto, hata bila kuanguka, muundi ukivimba na kuuma pamoja na homa, apelekwe kwenye kituo cha afya siku hiyohiyo. Vijidudu vinaweza kufika ndani ya mfupa kwa njia ya damu.

Namna ya kusema kwa simu

Motari ao jirani anayepiga simu hahitaji maneno mengi: «Ni muundi wa kushoto, karibu na kifundo. Kuna kidonda, mfupa unaonekana. Vidole bado vina joto.» Kwa maneno hayo tu, muuguzi anajua atayarishe nini, na kama mgonjwa atumwe moja kwa moja kwenye hospitali kubwa.