Nani Alipe Njia ya Mtaani?

Njia kuu ya mji hutumiwa na wote, nayo hulipwa na wote. Lakini njia ndogo ya mtaa, ambayo hupitiwa hasa na wenye nyumba kando yake, itengenezwe kwa fedha ya nani? Huko Minnesota, jimbo la kaskazini ya Marekani, watu wameligombania swali hilo katika mabaraza na mbele ya mahakimu. Tumeona vema kuwaeleza wasomaji wetu jinsi walivyolijibu, maana ni jambo la haki baina ya jirani na jirani.

Kwanza tujue kwa nini njia hufa. Baridi ya Minnesota ni kali mno. Maji hupenya katika nyufa za lami, hugeuka barafu, na barafu, kwa kuwa hutaka nafasi kubwa kuliko maji, huipasua lami. Barafu ikiyeyuka, magari hupita, na shimo limekwisha kuzaliwa. Kuziba mashimo hufaa kwa muda tu. Msingi ukiharibika, hapana budi kuifukua njia yote, na mara nyingi mabomba ya maji yaliyozeeka hubadilishwa papo hapo. Ni upumbavu kupasua lami mpya mwaka ujao kwa ajili ya bomba.

Basi sheria ya jimbo, sura ya 429, inayofuatwa na miji mingi ya huko, huugawanya mzigo. Sehemu hutoka katika hazina ya mji, na sehemu hutozwa wenye viwanja wanaofaidiwa na njia ile. Mji ukikopa fedha kwa sheria hiyo bila kuwapigisha raia kura, sharti uwatoze wenye viwanja asilimia 20 ya gharama au zaidi. Baraza likianzisha kazi pasipo kuombwa na wenye viwanja, zatakiwa kura nne katika tano.

Tuseme mtaa una nyumba 40, na kazi yagharimu dola 1,000,000. Mji ukitoa 600,000, kila nyumba italipa 10,000. Kwa mwenye mshahara mnono si neno kubwa, tena huruhusiwa kulipa kidogo kidogo kwa miaka, pamoja na faida ya mkopo. Kwa mzee asiyefanya kazi tena ni jambo la kukosesha usingizi. Mahali pengine hawagawi kwa nyumba, hugawa kwa upana wa kiwanja upande wa njia. Hapo mwenye nyumba ya pembeni, aliyepakana na njia mbili, ndiye alalamikaye kuliko wote, na pengine si bure.

Lakini sheria imeweka mpaka, na kwetu sisi huo ndio moyo wa jambo: tozo lisizidi faida ambayo kiwanja kimepata. Nyumba iliyokuwa na thamani ya dola 200,000, ikiwa kwa njia mpya imefikia 206,000, haiwezi kudaiwa 10,000. Inayozidi 6,000 ni juu ya mji. Asiyekubali huandika pingamizi, akatia sahihi, akalitoa kabla ya mkutano wa baraza au katika mkutano wenyewe. Akichelewa, amefunga mlango wa mahakama kwa mkono wake mwenyewe. Akisha kupinga, na baraza likapitisha tozo, ana siku 30 za kukata rufani.

Makanisa nayo hayaachwi. Huko hayalipi kodi ya kawaida ya nyumba, lakini tozo la njia huwafikia hata wao. Mji wa Saint Paul ulikuwa ukitoza viwanja vyote kwa ajili ya kufagia njia, kuondoa theluji na kuziba mashimo, ukisema kwamba hayo ni malipo ya huduma wala si kodi. Parokia moja ya Kikatoliki na kanisa moja la Wabatisti wakashtaki pamoja. Mwaka 2016 mahakama kuu ya jimbo ikaamua kuwa ni kodi, basi mpaka ule wa faida waufunga mji huo pia. Ilipofika Novemba 2023, wapiga kura wa Saint Paul walikubali kodi ya asilimia 1 juu ya bidhaa, kwa miaka 20, kwa ajili ya njia na bustani za mji. Hivyo mzigo umeenea kwa wengi zaidi, ingawa, tuseme kweli, aliyepanga chumba kimoja naye huulipa kila aendapo dukani.

Na yule mzee asiye na kitu? Mji waweza kumwahirishia mwenye miaka 65 au zaidi, au kilema, ikiwa malipo yatamwumiza. Deni halifutwi. Hukaa juu ya nyumba, pengine likiongezeka faida, mpaka nyumba iuzwe au mwenyewe afe. Ndipo huenda warithi wakaambiwa kwa mara ya kwanza bei ya lami iliyo mbele ya mlango wao.