Kiongozi Anayekubali Kuulizwa

Dayosisi ya Mpwapwa ya Kanisa Anglikana ilipoanzishwa mwaka 1991, askofu wake wa kwanza, Simon Chiwanga, alikuwa amekwisha kuonja madaraka ya dunia: ubunge, kisha uwaziri wa elimu chini ya Mwalimu Nyerere. Kwa hiyo alipoandika mwaka 2001 kwamba uaskofu barani Afrika umeiga mno enzi ya mfalme na chifu, hakuwa akisimulia ya kusikia. Kwake, kiongozi wa waumini ni mhudumu akaaye kati ya watu, akashauriana nao na kuulizwa nao. Naamini hapo ndipo ilipo sifa mama ya uongozi. Ufasaha wa mimbarani, hata uchaji wa usoni, mtu aweza kuuigiza. Kulivumilia swali la muumini wa kawaida mbele ya halaiki, mwaka hadi mwaka, hakuigiziki. Tena imani yenyewe inalidai jambo hili. Mkristo amefundishwa uwakili, Mwislamu amana, na wote wanaingojea siku ya hesabu. Anayeamini kwamba ataulizwa na Mungu, kwa nini akasirike akiulizwa na mweka hazina?

Wapo wanaosema unyenyekevu huu huzaa ulegevu, hasa katika wilaya kame kama Mpwapwa, ambako mvua zikikatika mapema mtama hukauka shambani na watu humtaka mtu wa kutoa amri. Ni kweli, njaa haingoji vikao. Lakini angalia mahindi ya msaada yanavyogawiwa. Orodha ikisomwa kwa sauti kwenye mkutano wa kijiji, mjane aliyerukwa atatajwa na jirani, na aliyekwisha kuhama atafutwa papo hapo. Kiongozi anayeogopwa huletewa orodha yenye makosa, naye huitia saini kwa sababu hakuna aliyethubutu kumsahihisha. Amri yake ni kali, ila mahindi hayamfikii mwenye njaa.

Wengine huhofia kwamba anayekiri kosa hupoteza heshima. Lakini mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi, Mwislamu aliyejulikana kwa ucha Mungu wake, alijiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani baada ya watuhumiwa kufia mikononi mwa vyombo vya dola mkoani Shinyanga, ingawa si yeye aliyewatesa. Mwaka 1985 chama tawala kilimpendekeza kuwa Rais, na Watanzania wakampigia kura.