Kilemba cha Mwalimu wa Madaktari

Katika miji ya pwani palikuwa na desturi ambayo wapenzi wa lugha wataikumbuka kwa ajili ya neno lake. Mtoto alipopelekwa kwa fundi awe mwanagenzi, iwe ni kazi ya useremala, ya ushoni au ya uhunzi, palikuwa na malipo yaliyongoja mpaka mwisho wa kufunzwa kwake. Malipo hayo yaliitwa kilemba. Hayakuwa ujira wa siku alizokaa mtoto karakanani, bali yalikuwa heshima ya kumaliza kazi: mwanagenzi amekwisha kuwa fundi, na kazi ya mkono wake ndiyo shahidi. Neno hili moja limekusanya mambo matatu. Karakana ilikuwa wazi, na apitaye aliweza kuona mtoto anavyofunzwa. Huo ulikuwa usimamizi. Kiti au mlango alioutengeneza uliweza kukaliwa au kufungwa. Hicho kilikuwa kipimo. Na kilemba chenyewe kilikuwa jaza.

Katika makala haya nataka kueleza jinsi mambo hayo matatu, yaani kusimamia, kupima na kutuza, yanavyotafutwa katika shule za udaktari, na kwa nini hupatikana kwa taabu. Msomaji aweza kuuliza habari hii ina uhusiano gani na watu wa lugha. Namwomba asubiri, uhusiano upo, na nitauonyesha kabla sijamaliza.

Kwanza yafaa kutambua kwamba mwalimu wa udaktari hutumikia mabwana watatu. Hutibu wagonjwa, hufanya utafiti, na hufundisha. Wagonjwa waliotibiwa huhesabiwa katika daftari la wodi. Utafiti hutokea katika majarida, na makala zake zaweza kuhesabiwa hata na mtu asiyezisoma. Walakini kufundisha hufanyika kando ya kitanda, mbele ya wanafunzi wachache, na kukiisha hakuachi karatasi. Kwa hiyo, siku ya kupandishwa cheo, kazi mbili huja na vitabu vyao, na ya tatu huja mikono mitupu. Hapana haja ya kudhani kwamba wakubwa wa vyuo wanadharau kufundisha. Yatosha kwamba jambo lisiloonekana ni vigumu kulipwa.

Usimamizi ndio uliotangulia. Nchini Uingereza sheria ya mwaka 1858 iliunda Baraza Kuu la Udaktari, likapewa kazi ya kutunza daftari la madaktari na kuangalia mafunzo yao. Katika Marekani jambo kubwa lilitokea mwaka 1910, Abraham Flexner alipotoa taarifa yake baada ya kuzuru shule 155 za udaktari za Marekani na Kanada. Flexner hakuwa daktari, alikuwa mwalimu wa shule. Na labda kwa sababu hiyo aliuliza maswali ya kimwalimu. Je, maabara ipo? Je, wanafunzi huingia hospitalini, au husikiliza tu maneno ya mtu aliye mbali nao? Kielelezo chake kilikuwa shule ya Johns Hopkins, iliyofunguliwa mwaka 1893, ambako William Osler alikuwa amewatoa wanafunzi katika viti vya ukumbi akawapeleka vitandani kwa wagonjwa. Baada ya taarifa hiyo shule nyingi dhaifu zilifungwa. Lakini haki yataka tuseme na taksiri yake: kati ya shule saba zilizokuwa zikifundisha madaktari weusi, alishauri mbili tu ziendelee, Howard na Meharry, na nyingine zilikufa. Kipimo kikali kisipouliza nani ataachwa bila daktari, chaweza kuwa dhuluma kwa watu wasiokuwamo chumbani.

Afrika ya Mashariki ilirithi njia za Uingereza. Shule ya udaktari ya Makerere ilianza mwaka 1924. Ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1963, ikawa kitivo cha chuo kikuu mwaka 1968, na tangu mwaka 2007 ni Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Pamoja na majengo na mitaala, urithi huo ulileta mtahini wa nje, yaani mwalimu wa chuo kingine aitwaye kusoma karatasi za mtihani na kuona kama alama zimetolewa kwa haki. Desturi hii ni njema. Lakini mtahini wa nje huja mwishoni mwa safari: huona mwanafunzi amefika wapi, wala haoni nani aliyemfikisha. Wanafunzi hodari wenye mwalimu mvivu hufaulu kwa juhudi zao, na mwalimu mvivu huhesabiwa sifa isiyo yake.

Ndipo ilipotafutwa njia ya kumpima mwalimu mwenyewe, na iliyo nyepesi kuliko zote ni kuwapa wanafunzi karatasi ya maswali. Mwanafunzi aliyekaa mwaka mzima mbele ya mwalimu anajua mambo ambayo mkuu wa idara hayajui: kama mwalimu huja kwa wakati, kama hueleza, kama humfedhehesha mtu mbele ya mgonjwa. Ushahidi huo si wa kutupwa. Hata hivyo una mpaka wake, na mpaka huo ulionyeshwa katika elimu ya udaktari yenyewe. Mwaka 1970, katika Marekani, watafiti watatu walimchukua mwigizaji wa michezo, wakampa jina la Daktari Fox na sifa za uongo, wakamfundisha kutoa mhadhara juu ya hisabati za nadharia ya michezo na mafunzo ya madaktari. Hakujua chochote cha somo hilo. Maneno yake yalikuwa matamu, yamejaa mizaha, yakipingana yenyewe kwa yenyewe. Waliomsikiliza walikuwa watu wa elimu, miongoni mwao madaktari wa maradhi ya akili. Na walipojaza karatasi za maoni, wengi walimsifu. Habari hii ilichapishwa mwaka 1973. Mafunzo yake ni haya: karatasi ya maoni hupima kama msikilizaji amependezwa, na kupendezwa si kuelimika.

Kwa hiyo macho mengine yalihitajiwa. Jicho la kwanza ni la mwalimu mwenzake, ambaye huketi nyuma ya darasa au husimama miguuni pa kitanda, akatazama, kisha akazungumza na mwenziwe faraghani. Jicho hili hutambua kosa la elimu, jambo ambalo mwanafunzi hawezi. Walakini nalo huingiwa na urafiki au husuda. Jicho la pili ni kazi ya mwanafunzi. Mwaka 1975 Ronald Harden wa Dundee na wenziwe walieleza mtihani wa vituo: mwanafunzi huzunguka kutoka kituo hata kituo, hapa akiuliza mgonjwa habari zake, pale akipima tumbo, na mtahini wa kila kituo hutia alama katika orodha moja kwa wote. Mwaka 1990 George Miller alipanga ujuzi wa daktari katika ngazi nne: kujua, kujua namna ya kufanya, kuonyesha, na kufanya kwa kweli. Mtihani wa kuandika hufika ngazi ya pili, na mtihani wa vituo hufika ya tatu. Ngazi ya nne ni wodi yenyewe, usiku, mtahini hayupo. Huko ndiko kilemba cha kale kilikopatikana.

Tukija kwenye jaza, mwaka huo huo wa 1990 Ernest Boyer alitoa hoja kwamba vyuo vimeibana maana ya usomi. Kugundua jambo jipya ni usomi, alisema, lakini kuunganisha elimu, kuitumia na kuifundisha ni usomi pia. Hoja hii ilipata mwili katika shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha California huko San Francisco, ambako mwanzoni mwa karne hii, chini ya uongozi wa Haile Debas, daktari wa upasuaji mzaliwa wa Eritrea, iliundwa akademia ya walimu. Asiyepimwa haingii: mwalimu huleta ushahidi wa kazi yake ya kufundisha, nao wenziwe huukagua kama wanavyokagua makala ya utafiti. Aliyekubaliwa hupata heshima, na fedha hutolewa kwa walimu wenye mipango mipya. Ubora wa njia hii ni kwamba kufundisha nako kumepewa daftari. Chuo hicho kimekuwa na ushirikiano na Muhimbili kwa miaka mingi, na mwaka 2011 Muhimbili ilianza mitaala inayotazama mwanafunzi aweza kufanya nini, wala si amesikia nini.

Sasa nimefika kwenye ahadi yangu. Katika vyuo vikuu vya Tanzania udaktari hufundishwa kwa Kiingereza, na wagonjwa walio wengi hueleza maradhi yao kwa Kiswahili. Mama asemapo, «Nachafukwa na moyo», hasemi habari za moyo unaosukuma damu. Asema ana kichefuchefu. Asemapo mtoto ana homa, huenda ana maana ya joto la mwili, na huenda ana maana ya malaria. Daktari kijana asiyezoeshwa kuuliza swali la pili ataandika kwa Kiingereza jambo ambalo mgonjwa hakulisema, na dawa itafuata maandishi. Tena kuna njia ya kurudi: maelezo ya dawa hutoka katika kitabu cha Kiingereza yakafika kwa mgonjwa yamekatika. Nani humpima mwalimu katika jambo hili? Karatasi ya maoni iliyoandikwa kwa Kiingereza kuhusu mhadhara wa Kiingereza haiwezi kulifikia.

Naona basi kwamba watu wa lugha wana kazi hapa, wala si ya kukusanya istilahi peke yake. Katika mtihani wa vituo, pawe na kituo cha Kiswahili, na orodha ya alama itungwe na daktari pamoja na mjuzi wa lugha: je, mwanafunzi amefahamu alichoambiwa, na je, mgonjwa aweza kurudia alichoelezwa? Mwalimu anapotazamwa na mwenziwe kando ya kitanda, aulizwe kama amewafundisha wanafunzi kusikiliza, au amewatafsiria upesi ili kipindi kiishe. Na mwalimu aliyefanya kazi hiyo vizuri, ihesabiwe katika cheo chake kama makala inavyohesabiwa.

Fundi wa zamani hakupewa kilemba kwa sababu alisema vizuri, wala kwa sababu mwanagenzi alimpenda. Alipewa kwa sababu mlango ulifungika. Mlango wa mwalimu wa madaktari ni mgonjwa aliyesema kwa lugha yake akafahamika.