Ubao wa tanga: maji ya magotini yana hatari gani?

Msikilizaji wetu mmoja ana kijana aliyepata kibarua cha kubeba vifaa vya watalii huko Paje, kusini mashariki mwa Unguja. Sasa kijana mwenyewe ameanza kujifunza kuendesha ule ubao wenye tanga. Mama anaona maji yenyewe ni ya magotini tu, basi hana wasiwasi. Sisi tungependa awe nao kidogo.

Chini ya ubao kuna pezi, kama la samaki, linalouzuia usiteleze upande. Lina urefu wa sentimita 20 hadi 50 hivi, kutegemea aina ya ubao. Ubao ukiwa kasi na pezi likagonga mchanga au jiwe, ubao husimama papo hapo, lakini aliye juu yake hasimami. Anarushwa mbele, pengine kichwa kikitangulia. Kwenye maji mengi angelowa tu. Kwenye maji ya magotini anaweza kuvunjika shingo.

Kwa hiyo, kama maji hayajafika kiunoni, tanga lisubiri. Na anayeanguka ajitandaze, aanguke chali au kwa ubavu, asipige mbizi wala kuruka kwa miguu. Kofia ngumu wengine huionea aibu. Avae tu.

Maji hayo pia hayatulii. Pwani yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa dakika kama 50, kwa hiyo saa nne ya jana si saa nne ya leo. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, tofauti ya kujaa na kupwa huweza kufika mita 3 au zaidi. Upande wa Paje bahari hurudi mbali kabisa. Maji yanayotoka hupita kwenye nafasi za mwamba, na mkondo wa hapo una nguvu ya kumpeleka mtu bahari kuu. Akiishiwa upepo au kamba ikikatika, asiuache ubao akaogelea peke yake. Ubao unaelea. Alale juu yake na kupunga mikono yote miwili.

Upepo nao una ujanja wake. Upepo unaovuma kutoka nchi kavu huonekana mpole ukiwa umesimama ufukweni, kwa sababu nyumba na minazi vinaukinga. Ukisogea mbele unakushika, na kurudi ni shida.

Tuje kwenye miguu. Viatu vya maji ni lazima, maana chini kuna wale wa miiba mirefu meusi, kuna samaki-jiwe asiyetofautiana na jiwe, na kuna taa aliyejifukia mchangani. Taa hapendi vita. Ukitembea kwa kuburuta nyayo, atakusikia na kuondoka. Aliyechomwa na taa au samaki-jiwe atumbukize mguu kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia, kwa dakika 30 hadi 90, huku akitafutiwa usafiri wa kwenda hospitali. Maji yapimwe kwanza kwa mkono wa mtu mzima asiyeumia, kwani mguu wenye sumu hauhisi vizuri na unaweza kuungua. Msichanje, msinyonye, msifunge kamba.

La mwisho ni la majirani. Kilimo cha mwani kilianza upande huu wa Unguja mwaka 1989, na wengi wanaokilima ni wanawake. Mashamba yao ni vijiti vilivyokitwa mchangani na kamba zilizofungwa kati yake. Maji yakijaa, vijiti havionekani. Pezi likinasa kwenye kamba, kijana anaruka, na mama wa watu anapoteza mwani wa wiki kadhaa. Kabla ya kupandisha tanga, kijana aende maji yakiwa yamekupwa, awaamkie kina mama walioko shambani, awaombe wamwonyeshe mipaka. Hakuna anayeijua sakafu ya bahari ile kuwashinda.