Moto wa Uluguru: Kinachoonekana Kwenye Picha na Kisichoonekana

Jioni ya Septemba, ukishuka kwenye basi Msamvu, mjini Morogoro, na kuinua macho upande wa kusini, unaweza kuuona mlima umevaa mkufu wa moto. Ni mstari mwekundu mwembamba, unapanda taratibu ubavuni mwa Uluguru huku chini yake kukiwa giza tupu. Abiria hutoa simu, hupiga picha na kuzituma kwa ndugu. Asubuhi mstari haupo tena. Kinachobaki ni ukungu wa rangi ya maziwa juu ya mji na harufu ya majani yaliyoungua inayoganda kwenye nguo zilizoanikwa.

Maofisa wa misitu huuita moto kichaa, yaani moto uliomtoroka aliyeuwasha. Mara nyingi huanzia shambani. Mkulima amefyeka, majani yamekauka, vuli inakaribia, naye anachoma ili apande mapema. Ana sababu. Jivu humpa potashi, chokaa na fosforasi papo hapo, na moto humwondolea magugu bila kumtoza senti. Hasara haionekani kwa macho: naitrojeni iliyokuwa kwenye majani yale hupaa na moshi, na baada ya misimu michache shamba huchoka.

Kinachomponza ni mteremko. Moto hupanda haraka kuliko unavyoshuka, kwa sababu miali huinamia ardhi iliyo mbele yake, ikayakausha majani kabla ya kuyafikia. Kanuni wanayoitumia wazima moto wa misituni ni kwamba mteremko ukiongezeka nyuzi 10, kasi ya moto hukaribia kuwa maradufu. Mashamba ya Uluguru yananing'inia kwenye miteremko mikali mno. Moto uliowashwa saa nane mchana, jua kali na upepo ukivuma, hausubiri mtu akate matawi mabichi ya kuupigia. Na anayekwenda kuupiga asisimame juu yake hata siku moja. Auendee kutoka ubavuni, kwenye sehemu iliyokwisha kuungua.

Jambo la kujiuliza unapoitazama picha ile ya usiku ni moto umefika wapi. Chini, kwenye miombo, miti ina magome mazito na huchipua tena mvua zikinyesha. Imezoeana na moto kwa maelfu ya miaka. Juu ni habari nyingine kabisa. Msitu wa mvua wa Uluguru umekua ndani ya ukungu, haujui moto, na miti yake mingi ina magome membamba. Moto unaopita chini chini kwenye majani makavu, usiofika hata kiunoni, unatosha kuua mti mkubwa kwa kuupika shinani. Mti ukianguka, jua huingia na nyasi huota. Nyasi hizo ndizo kuni za moto wa mwakani. Msitu hauteketei usiku mmoja. Huliwa pembeni, hatua kwa hatua.

Nami naona kinachostahili kutuumiza zaidi ni kile ambacho kamera ya simu haiwezi kukinasa: kuvumwani. Ukipanda kuelekea kilele cha Bondwa, ukafika palipo na miti mifupi iliyopinda, utakuta kila tawi limevikwa zulia la kijani. Ukiliminya, maji hutiririka mkononi. Tamás Pócs, mtaalamu wa mimea kutoka Hungaria, aliipima mimea hii inayoishi juu ya mimea mingine katika misitu ya Uluguru, na mwaka 1980 akachapisha matokeo. Katika msitu mfupi wa juu, hekta moja ilibeba takriban tani 14 za mimea hiyo ikiwa imekaushwa. Katika msitu wa chini zaidi zilikuwa tani zipatazo 2 tu. Zulia hilo la hekta moja ya juu lingeweza kushika kiasi cha lita 50,000 za maji kwa mvua moja, kisha likayaachia polepole. Ni matangi ya maji yasiyo na fundi wala bili, yaliyotundikwa matawini. Katika kiangazi kirefu hukauka na kushika moto upesi, na kuota tena huchukua miaka mingi sana.

Maji hayo ndiyo mto Mgeta, ndiyo Ngerengere inayojaza bwawa la Mindu, ndiyo Ruvu inayonywesha Dar es Salaam. Oktoba 2022 Dar es Salaam iliingia kwenye mgao wa maji baada ya Ruvu kupungua kwa ukame. Ukame ule haukuletwa na moto wa mlimani, lakini mlima uliopoteza zulia lake hauna akiba ya kuukopesha mto mvua zinapochelewa. Mvua zikija, hukuta udongo mtupu na kuushusha hadi mabwawani. Kule Kilimanjaro, mtafiti Andreas Hemp alionyesha mwaka 2005 kwamba moto wa misitu ya juu umeunyima mlima maji mengi kuliko kuyeyuka kwa barafu yake, ile barafu ambayo dunia nzima inaililia. Oktoba 2020 mlima huo uliungua tena kwa siku nyingi.

Tungejuaje kwamba msitu wa Uluguru umerudi nyuma? Kwa picha. Watafiti waliolinganisha picha zilizopigwa kwa ndege mwaka 1955 na zile za setilaiti za mwanzoni mwa karne hii walikuta msitu umepungua kutoka kilomita za mraba zipatazo 300 hadi 230 hivi. Sehemu kubwa iliyopotea ni ya miinuko ya chini, mashamba yalikopanda. Mwaka huo wa 1955 ndio Waluguru walipoinuka kupinga matuta waliyolazimishwa na serikali ya kikoloni kuyachimba kwa jina la kuhifadhi udongo. Nalitaja jambo hilo kwa makusudi, kwa sababu katika milima hii amri isiyomsikiliza mkulima imekwisha kujaribiwa.

Siku hizi setilaiti hupita kila siku. Kifaa kiitwacho VIIRS huhisi joto na kuweka nukta kwenye ramani, kila nukta ikiwakilisha eneo la mita 375 kwa mita 375. Setilaiti za Sentinel-2 hupita baada ya siku chache, na hutumia mwanga tusiouona: jani lenye afya huurudisha kwa wingi, lililoungua huufifisha, hivyo kovu la moto huonekana hata moshi ukishaisha. Ila VIIRS hupita karibu saa saba na nusu mchana na tena usiku wa manane. Moto mdogo wa saa kumi jioni uliozimwa kabla ya giza hauna nukta, na Uluguru hupenda kujifunika mawingu. Ramani tupu haimaanishi mlima haujaungua.

Huko kaskazini ya mbali, nchini Kanada, ziliungua zaidi ya hekta milioni 15 mwaka 2023, na moshi wake ukaifanya anga ya New York kuwa ya rangi ya chungwa. Radi iliwasha sehemu kubwa ya moto ule, kwenye misitu yenye watu wachache. Hapa kwetu kiangazi hakina radi nyingi; kina kiberiti. Hiyo ni nafuu, maana kiberiti kina mtu wa kuzungumza naye.

Kuhusu moshi, jiografia ya Morogoro inatuponza. Usiku hewa ya mlimani hupoa, ikawa nzito, ikateremka mabondeni kama maji, na moshi nao hushuka nayo. Alfajiri mji huwa ndani ya sufuria iliyofunikwa. Chembe hatari zaidi ni zile zisizozidi mikromita 2.5, ndogo kuliko upana wa unywele kwa zaidi ya mara 20. Pua haizizuii, huzama hadi kwenye vifuko vya mapafu, na nyingine huingia kwenye damu. Huamsha pumu, huongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Watoto wadogo huumia zaidi kwa kuwa huvuta hewa nyingi kulinganisha na uzito wao. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa 2021, linataka chembe hizo zisizidi mikrogramu 15 katika mita moja ya ujazo ya hewa kwa wastani wa siku. Kitambaa kilicholoweshwa hakizizuii. Barakoa ya N95 iliyokaa vizuri usoni huzipunguza sana. Siku ya moshi, ahirisha mbio za alfajiri, na mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta mfukoni. Mtoto anayehema haraka, mbavu zikibonyea ndani, apelekwe kituo cha afya saa hiyohiyo.

Na ile picha ya simu, usiifute. Rudi mchana, usimame palepale, mnara wa Bondwa ukae kwenye kona ileile ya picha, uandike tarehe na mahali uliposimama. Rudia kila Septemba. Baada ya miaka 10 utakuwa na kitu ambacho ndege ya 1955 haikukiacha kwa mtaa wako: ukingo wa msitu, mwaka baada ya mwaka, kutoka mlangoni kwako.