Damu chooni si bawasili kila mara

Msomaji, ukishuka kwenye matatu pale Katito, njia panda ambapo barabara ya Kendu Bay na Homa Bay inaachana na ile ya Sondu na Kisii, hutakosa kumpata muuzaji wa dawa za miti shamba siku ya soko. Atakuambia kwamba unga wake unaponya bawasili, amiba, kichocho na tumbo la kukata. Wateja hawakosi. Baadhi yao wameona damu chooni, na wangependelea kumnong'onezea muuzaji huyo kuliko kuvua nguo mbele ya daktari.

Siwalaumu. Kando ya Ziwa Victoria, damu katika kinyesi ina visababu vingi. Kichocho cha matumbo kimeenea sana kwa watu wanaoingia majini kuvua, kuoga na kufua. Amiba nayo ipo, na bawasili iko kila mahali. Lakini kuna kisababu kingine kisicho na haraka wala kelele, nacho ni saratani ya utumbo mpana na puru, yaani ile sehemu ya mwisho ya utumbo, yenye urefu wa sentimita 15 hivi, kabla ya tundu la haja kubwa.

Wakenya wengi walilisikia jina la ugonjwa huu kwa mara ya kwanza mwaka 2019, wakati mbunge wa Kibra, Ken Okoth, alipotangaza kwamba alikuwa nao na kwamba ulikuwa umefika hatua ya nne. Alitibiwa Ufaransa, akarudi nyumbani, na akafariki Julai 26 mwaka huo akiwa na umri wa miaka 41.

Je, hatua ya nne maana yake nini?

Mara nyingi saratani hii huanza kama kinyama kidogo kinachoota ndani ya utumbo mfano wa uyoga. Kinyama hicho huweza kukaa miaka kumi hivi kabla hakijageuka kuwa saratani. Kikishageuka, hutoboa ukuta wa utumbo tabaka baada ya tabaka, kama mchwa kwenye ukuta wa udongo. Mwaka 1932 daktari mmoja wa London, Cuthbert Dukes, aliyekuwa akipima vipande vya puru vilivyokatwa na wapasuaji, aligawa wagonjwa katika mafungu matatu: wale ambao saratani ingali ndani ya ukuta, wale ambao imeuvuka, na wale ambao imefika kwenye tezi za limfu zilizo karibu. Hatua zinazotumiwa na madaktari leo zimejengwa juu ya msingi huo.

Hatua ya nne ni ile ambayo ugonjwa umesafiri mbali. Damu inayotoka kwenye utumbo mpana hupitia ini kwanza, kama vile matatu ya kutoka Katito kwenda Kisumu inavyopitia Ahero. Ndiyo maana ini huwa kituo cha kwanza. Sehemu ya chini ya puru ina njia yake ya mkato, na damu yake nyingine huenda moja kwa moja kuelekea moyoni na mapafuni. Chembe nyingine huanguka ndani ya tumbo na kuota huko, hata juu ya ovari za mwanamke.

Kwa bahati nzuri, kabla ya kufika huko kisu kinaponya. Daktari wa upasuaji hukata kipande cha utumbo chenye uvimbe pamoja na sehemu nzima kila upande, akaondoa pia mafuta yanayobeba mishipa na tezi, kisha akaunganisha ncha mbili zilizobaki. Tezi hizo hupelekwa maabara. Inatakiwa zipimwe zisizopungua 12, ili isije ikasemwa kwamba ugonjwa haujasambaa kumbe hakuna aliyetazama vizuri. Ikiwa ukuta haujavukwa, upasuaji peke yake mara nyingi hutosha. Ikiwa tezi zimeguswa, mgonjwa huongezewa dawa za kuua chembe za saratani kwa miezi mitatu hadi sita.

Puru ni kazi ngumu zaidi, kwa kuwa imebanwa ndani ya mifupa ya nyonga, jirani na kibofu na mishipa ya fahamu. Mwaka 1908 Mwingereza Ernest Miles alieleza upasuaji wa kuondoa puru yote pamoja na tundu lake. Mwaka 1982 mwenzake, Bill Heald, akaonyesha kwamba ukiitoa puru pamoja na mfuko wa mafuta unaoizunguka bila kuupasua, saratani hairudi kwa urahisi mahali pale. Siku hizi mionzi hutangulia mara nyingi ili kuupunguza uvimbe.

Hapa ndipo watu huogopa. Uvimbe ukiwa chini sana, mgonjwa atatolewa kinyesi kwa tundu la tumboni, kwenye mfuko, maisha yake yote. Ukiwa juu kidogo, mfuko huwa wa miezi michache tu hadi kiungo kipone. Kwa maoni yangu mfuko huu unasingiziwa mengi. Hufunikwa na shati, na mwenyewe hurudi shambani au dukani. Tatizo la kweli ni bei yake, na hilo mwulize daktari kabla ya siku ya kupasuliwa. Anayekimbia kisu kwa kuogopa mfuko huweza kurudishwa hospitali usiku tumbo limefura, anatapika, hata upepo hautoki. Upasuaji wa dharura namna hiyo ni wa hatari zaidi, na mara nyingi huishia kwa mfuko ule ule.

Hata ini likiguswa si lazima kukata tamaa. Madoa yakiwa machache, yanaweza kukatwa, na ini lililobaki hukua tena.

Lakini si kila uvimbe wa pande hizo ni wa kukatwa. Saratani ya tundu lenyewe la haja kubwa, ambayo huwapata zaidi wanaoishi na virusi vya ukimwi, kwa kawaida hutibiwa kwanza kwa mionzi na dawa. Na kwa mwanamke, saratani ya mlango wa kizazi iliyochelewa huweza kupenya hadi kwenye puru na kuleta damu ile ile.

Zamani tuliambiwa Mwafrika hapati ugonjwa huu. Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi Lira na Mulago nchini Uganda hadi miaka ya 1960, aliona kesi chache sana, na mwaka 1971 akasema siri ni chakula chenye makapi mengi. Ugali wa mtama na wimbi, apoth na osuga vilitulinda, pengine. Leo tunakula unga mweupe na chipsi, na madaktari wa Kenya wanaripoti wagonjwa wasiofika miaka 40. Sifa ile njema imegeuka mtego, maana mhudumu akiamini ugonjwa haupo, hataingiza kidole kupima puru. Kipimo hicho huchukua dakika moja.

Basi ukimeza dawa ya amiba au kichocho na damu ikabaki, rudi kituoni. Rudi pia ukiona choo kimebadilika kwa wiki kadhaa, unakonda bila sababu, au mwanamume umeambiwa huna damu ya kutosha na hakuna anayejua imekwenda wapi. Omba upimwe kwa kidole, kisha kwa kamera ya utumbo. Asiye na dalili, wataalamu wengi wanashauri aanze kupimwa akiwa na miaka 45. Aliye na mgonjwa katika familia aanze miaka kumi kabla ya umri wa ndugu yake: kama kaka yako aligunduliwa akiwa na miaka 44, wewe nenda ukiwa na 34.